Tanzia ya Mtu Aliye Hai

Kila asubuhi, kabla ya kwenda popote, Catherine alimkatia ng'ombe majani. Wakati wa likizo kazi hiyo haikupungua. Iliongezeka, kwa kuwa Bibi Penina aliamini kwamba mtoto aliye likizoni huota mikono mingine miwili. Akimaliza majani alifagia ua, akachota maji bombani, akachemsha chai, kisha akasimama mlangoni na sketi yake ya shule.

"Bibi, naenda klabu."

"Klabu gani hiyo isiyojua kwamba shule zimefungwa?" Bibi aliuliza kila siku, ingawa jibu alilijua vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu wa klabu hiyo.

Catherine alikuwa kidato cha pili katika shule moja huko Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Wazazi wake walifanya kazi Dodoma, naye aliishi na bibi yake. Mwaka huo klabu ya filamu ya shule ilikuwa imetengeneza filamu ya sikukuu. Mwalimu Godbless, mlezi wa klabu, aliwaazima kamera yake. Jamaldini alipiga picha. Catherine aliandika hadithi yenyewe, na ilimhusu bibi mmoja anayewasubiri wanawe waje nyumbani Krismasi. Kila mwaka wanaahidi, na kila mwaka hawaji. Siku wanapokuja wote, wamekuja kumzika. Filamu waliipa jina la "Watakuja Lini?"

Bibi Penina aliigiza vizuri mno. Siku ya kupiga picha ya kifo, Jamaldini alitaka kumwelekeza jinsi ya kulala kama maiti. Bibi akamwambia kwamba amekwisha kuosha maiti wengi katika maisha yake, na hakuna hata mmoja aliyelala kwa kukunja shingo hivyo. Wote walicheka, na Bibi akalala mwenyewe anavyojua.

Sasa kazi iliyobaki ilikuwa kuitangaza. Filamu ingeonyeshwa katika ukumbi wa shule siku ya pili ya Krismasi, wakati watu wengi wa Meru wanaoishi mbali huwa wamerudi nyumbani. Katika mkutano wa klabu Catherine alichaguliwa kuongoza kamati ya matangazo, na aliipokea kazi hiyo kwa ari kubwa. Mwaka uliotangulia klabu ilionyesha filamu yake ya kwanza kwa mabenchi matupu. Walikuja wazazi wachache, na mama mmoja aliyekuwa akikimbia mvua. Wanafunzi wenzao waliwacheka muhula mzima.

"Safari hii ukumbi utajaa," Catherine aliwaambia wenzake. "Hata pa kusimama patakosekana."

Walipanga mambo vizuri. Mabango yangebandikwa madukani na karibu na soko la Tengeru. Mzee wa kanisa angeombwa asome tangazo baada ya ibada. Picha moja ingetumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwalimu Godbless aliwasikiliza, akaridhika, akaweka sharti moja tu.

"Kila tangazo nilione kwanza kabla halijatoka. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu," wote waliitikia, na Catherine aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Baba yake Jamaldini, Mzee Abdulrahman, alikuwa na duka dogo la kuchapisha na kutoa fotokopi mtaa wa Kaloleni mjini Arusha. Catherine alikwenda huko Ijumaa mchana ili watengeneze bango. Mzee alikuwa ametoka kwenda msikitini, akamwachia Jamaldini kompyuta. Nje ya duka, ukutani, kulikuwa na matangazo ya kila aina: ya tamasha, ya mafundi, ya vyumba vya kupanga. Watu walipita hapo bila kugeuza shingo. Kisha akaja kijana mmoja mwenye macho mekundu, akachukua karatasi alizokuwa ameagiza, akaomba abandike moja ukutani. Ilikuwa tanzia ya baba yake. Kabla gundi haijakauka, watu watano walikuwa wamesimama. Muuza karanga alishusha beseni lake chini ili asome. Mwanamke mmoja alisema "Jamani, jamani," ingawa ilionekana wazi kwamba hamjui marehemu.

Catherine alitazama yote hayo kwa makini.

"Jamal," alisema taratibu, "hayo maandishi ya tanzia yamo kwenye kompyuta?"

"Yamo. Baba ameshayapanga, mshumaa, utepe mweusi, kila kitu. Unabadilisha picha na jina tu."

"Weka picha ya Bibi."

Jamaldini aligeuka. "Bibi yupi?"

"Bibi Penina, ile ya kwenye filamu, amefumba macho. Andika: Bibi yetu mpendwa hatunaye tena. Halafu weka siku, saa na ukumbi wa shule. Chini kabisa andika kwamba ni filamu ya wanafunzi."

Jamaldini aliandika, lakini vidole vyake havikuwa na haraka. Alipofika mstari wa mwisho akaukuza ukawa mkubwa. Catherine akamwambia aupunguze. Akaupunguza. Akamwambia aupunguze tena.

"Wewe Keti, hii siyo poa. Hayo maandishi hata mimi siyaoni."

"Wakijua mapema kwamba ni filamu hawatasoma. Wakishasoma watacheka, watawaambia wenzao."

"Na Mwalimu? Alisema aone kwanza."

"Ataona ukumbi ukijaa," Catherine alijibu. "Nirushie kwenye simu, mabango tutachapa Jumatatu."

Simu hiyo ilikuwa ya nyumbani. Mama yake aliinunua ili aweze kuzungumza na Bibi, lakini aliyejua kuitumia alikuwa Catherine. Jioni hiyo aliituma picha kwenye kundi la kitongoji na kundi la ukoo. Akaiweka simu kwenye chaji, umeme ukakatika, na simu ikazima. Hakujua kwamba mtu wa kwanza kuipokea alikuwa ameikata picha ili sura ionekane vizuri, na mstari wa chini ukaenda na kipande kilichokatwa. Kuanzia hapo watu walitumiana tanzia kamili.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Bibi Penina aliondoka mapema na ndizi zake kwenda Tengeru. Catherine alikuwa akifagia ua aliposikia kilio getini. Mama Emmanuel, jirani yao, aliingia na mkungu wa ndizi kichwani huku machozi yakimtiririka. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine, wenye kuni, wenye maziwa, wenye masufuria makubwa.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?" Catherine aliuliza.

"Mwanangu! Mwanangu! Bibi yako ametuachaje jamani?"

"Bibi? Bibi yuko sokoni."

Mama Emmanuel aliutua mkungu, akamkumbatia. "Maskini mtoto. Msiba umemchanganya akili. Mpeni maji, mkalisheni."

Uso wa Catherine ulikuwa umebanwa kwenye kitenge cha Mama Emmanuel. Hapo ndipo alipoelewa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: ni filamu, ni tangazo, nimelituma mimi. Hayakutoka. Aliogopa, hilo ni kweli. Lakini tuseme yote. Alipoinua macho na kuona ua unajaa watu, kijisehemu cha moyo wake kilifurahi kwamba tangazo lilikuwa limefanya kazi. Kisha akasikia majembe.

Mzee Joel, rafiki wa siku nyingi wa marehemu babu yake, alikuwa amekuja na vijana. Watu wa hapo hawangoji kuitwa. Walikuwa wamekwisha kwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mahali alipozikwa Babu, wakapima nafasi iliyo pembeni yake na kuanza kuchimba. Catherine alikimbilia huko.

"Babu Joel, acheni! Msichimbe!"

"Pole, mjukuu wangu," Mzee Joel alisema bila kusimamisha jembe. "Pole sana. Nenda kakae na akina mama."

Shimo lilikuwa limefika magotini wakati Bibi Penina aliporudi na tenga lake tupu. Wanawake waliokuwa getini walipiga mayowe. Mmoja aliangusha sufuria la maji na kukimbia. Bibi alisimama, akawatazama majirani zake wote, akaona kuni zimepangwa na moto umewashwa.

"Nani amekufa kwangu?" aliuliza.

Alifuata sauti ya majembe mpaka nyuma ya nyumba. Alitazama kaburi la mumewe, akatazama na udongo mbichi uliokuwa pembeni.

"Na hili ni la nani?"

Jembe lilimponyoka Mzee Joel. "Penina," alisema, "ni lako."

Bibi Penina alikaa chini palepale kwenye majani makavu ya migomba. Hakulia wala hakupiga kelele. Alivuta khanga yake akajifunika mabega kana kwamba anasikia baridi, na jua lilikuwa kali.

Mwalimu Godbless alifika muda mfupi baadaye. Yeye pia alikuja kuzika. Alipooneshwa picha kwenye simu ya Mzee Joel, alitambua mara moja kwamba imetoka kwenye filamu yao.

"Nani ametengeneza kitu hiki?" aliuliza, na watu wote wakamgeukia Catherine.

Alikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Badala yake alisema nusu yake.

"Ni Jamaldini, mwalimu. Kwenye kompyuta ya baba yake, Kaloleni."

Watu walianza kunung'unika. Kijana mmoja aliuliza duka hilo liko wapi hasa. Kabla Mwalimu hajasema lolote, simu ya Mzee Joel iliita. Alisikiliza, akamtazama Bibi, akampa simu.

Aliyepiga alikuwa Soila wa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, kwa kuwa simu ya nyumbani kwa Bibi ilikuwa bado imezima. Soila alikuwa mke wa mtoto wa Babu Naftali, na Babu Naftali alikuwa kaka yake Bibi Penina. Katika watoto wote wa nyumba yao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Babu Naftali alikuwa na shinikizo la damu, na kila mtu katika ukoo alijua kwamba habari nzito hapewi ghafla. Lakini mjukuu wake mmoja aliiona tanzia kwenye simu akaisoma kwa sauti. Mzee aliinuka aifuate fimbo yake, aende kumzika dada yake. Hakufika mlangoni. Alianguka, na sasa alikuwa hospitali mjini, haijulikani kama ataamka.

"Soila," Bibi alisema kwenye simu, "mimi ni Penina. Niko hai. Mwambieni niko hai. Hata kama hasikii, mwambieni."

Siku hiyo vijana waliufukia udongo waliokuwa wameutoa. Wanawake waliondoka na masufuria yao, na hakuna aliyejua aage vipi.

Babu Naftali aliamka usiku huo, lakini kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja wa mwili. Bibi na Catherine walipoingia wodini siku iliyofuata, mdomo wake ulikuwa umepinda na mkono wa kulia umelala juu ya shuka bila nguvu. Alimwona dada yake. Alijaribu kulitamka jina lake, likatoka vipande vipande. Kisha akalia, na jicho moja tu ndilo lililofumba. Bibi alimfuta kwa ncha ya khanga, akakaa kitandani akishika ule mkono usiohisi kitu.

Catherine hakuweza kukaa humo. Alitoka kwenye korido, na hapo akakutana uso kwa uso na Jamaldini. Alikuwa amefuatana na baba yake.

"Binti, bibi yako yuko ndani?" Mzee Abdulrahman aliuliza. "Mwalimu ametueleza yaliyotokea. Tumekuja kumwomba radhi."

Bibi aliposikia sauti alitoka. Mzee Abdulrahman aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye baba wa mtoto huyu. Duka ni langu, na hayo maandishi ya tanzia niliyaweka mimi ili kuwasaidia wafiwa. Mwanangu ameyafanyia mchezo. Nimemchapa, na kwenye klabu hatarudi. Nimemwuliza ni nani aliyemtuma, hasemi. Naomba utusamehe."

Jamaldini alikuwa akitazama sakafu. Hakumtazama Catherine hata mara moja, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angemtazama kwa hasira ingekuwa nafuu.

"Siyo yeye," Catherine alisema.

Wote watatu walimgeukia.

"Siyo yeye, Bibi. Alinikataza. Mimi ndiye niliyesema aweke picha yako. Mimi niliyesema maandishi yapunguzwe ili watu wasijue. Mwalimu alituambia aone kwanza, nikaficha. Nilituma mimi, kwa simu yetu. Na jana nilimsingizia Jamal kwa sababu watu walikuwa na majembe na niliogopa." Alikuwa akilia kwa sauti sasa, na muuguzi aliyekuwa akipita alisimama. "Nilitaka ukumbi ujae tu, Bibi. Nilitaka wasitucheke."

"Nimemchapa mwanangu kwa kosa lisilo lake," Mzee Abdulrahman alisema. Aliweka mkono begani kwa Jamaldini, naye Jamaldini akaanza kulia, kitu ambacho hakukifanya alipochapwa.

Bibi Penina hakumkumbatia mjukuu wake. Alimwambia ampe Jamaldini mkono na amwombe radhi palepale, naye akafanya hivyo. Kisha akamwambia kwamba siku ya Krismasi atasimama kanisani mbele ya usharika wote, aseme yale aliyoyasema hapo, bila kupunguza.

Krismasi ilipofika, Catherine alisimama. Wazazi wake walikuwa wamekuja kutoka Dodoma, na mama yake alikuwa amejiinamia muda wote. Kanisa lilikuwa limejaa kuliko ukumbi wowote aliouota. Alisema yote, na alitaja jina la Jamaldini ili kila mtu asikie kwamba hakuwa na kosa. Baada ya ibada Mzee Joel alimngoja nje.

"Mjukuu wangu, mimi nimekusamehe," alisema. "Lakini nisaidie jambo moja. Siku nikiambiwa tena kwamba Penina amefariki, nifanyeje? Nichukue jembe langu, au nipige simu kwanza kuuliza kama ni filamu?"

Aliuliza hivyo, kisha akashika njia ya kwenda nyumbani.

Filamu haikuonyeshwa siku ya pili ya Krismasi. Mwalimu Godbless aliiahirisha hadi Januari, kabla ya shule kufunguliwa. Jamaldini alirudi kwenye klabu, na baba yake mwenyewe ndiye aliyechapa bango jipya. Maneno yake yalikuwa ya kawaida: Filamu ya wanafunzi. Hadithi ya kubuni. Waigizaji wote wako hai. Mwalimu aliliona kwanza. Siku ilipofika, mabenchi yalijaa nusu, na wengi waliokuja walikaa karibu na mlango.

Babu Naftali alikuja pia. Alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, na kwa maneno yake machache yaliyobaki alimweleza Soila kwamba anataka kuiona hiyo filamu. Waliketi mbele, yeye na dada yake, Soila nyuma yao. Catherine alisimama kando ya projekta pamoja na Jamaldini. Filamu ilikwenda vizuri. Watu walicheka palipotakiwa kuchekwa. Kisha ikafika ile picha ya Bibi amelala kitandani, macho yamefumbwa, shingo imenyooka.

Babu Naftali alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Alimgeukia dada yake, na kwa mkono wake mzima akaanza kumpapasa usoni, puani na mdomoni, akitafuta kama bado anapumua.

"Nipo, kaka," Bibi alimwambia. "Nipo. Nipo hapa." Lakini aliendelea kumpapasa.

Catherine alinyoosha mkono akaizima projekta. Ukumbi ukawa giza, kisha mtu akawasha taa. Hakuna aliyelalamika. Bibi alimsaidia kaka yake kuinuka, na Catherine akaja upande wa pili, akaupitisha ule mkono usio na nguvu juu ya mabega yake mwenyewe. Walitembea taratibu mpaka nje, wakamkalisha kwenye ngazi za ukumbi. Polepole alitulia.

"Hebu nisikilize, Keti," Bibi alisema. "Kutangaza kitu siyo kosa. Filamu yenu ni nzuri, na kutaka watu waione ni haki yenu. Lakini sisi hapa tukisikia tanzia hatuulizi. Tunaacha ng'ombe, tunaacha jiko, tunakuja. Ndivyo tulivyomzika babu yako, na ndivyo watakavyonizika mimi. Imani hiyo ni ya watu wote, wala hukuitengeneza wewe. Uliichukua bila kuomba ili ujaze mabenchi. Ukitaka watu waje, waambie ukweli wa kile unachowaitia. Wakija wachache, basi wamekuja kwa hiari yao."

"Nimeelewa, Bibi."

"Kuelewa umeelewa. Sasa utaishi hivyo."

Kutoka ndani, Jamaldini alichungulia mlangoni akiuliza kwa macho kama aendelee. Bibi alimpungia mkono kwamba ndiyo, watu wamalizie kuangalia. Taa zikazimwa na sauti ya filamu ikarudi. Catherine hakuingia. Alikaa kwenye ngazi karibu na Babu Naftali, akakishika kiganja chake, na kila mzee alipomgeukia dada yake kwa wasiwasi, alimwambia, "Yupo, Babu. Bibi yupo."